Kijana Aliyekuwa wa Nne

Wahenga walisema ya kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo hutajwa sana na walimu siku ya michezo, na wanafunzi huiitikia kwa makofi kabla mbio hazijaanza. Lakini ni baada ya mbio, jua likiisha kutua nyuma ya milima ya Mau na mabasi ya shule yakiisha kuondoka mjini Nakuru, ndipo methali yenyewe inapoanza kazi yake. Maana adabu ya mwanafunzi mchezaji haipimwi uwanjani tu, mbele ya mwamuzi na kipenga chake. Mara nyingi hupimwa nyumbani, mezani, chini ya taa, mahali ambapo hapana mwamuzi wala watazamaji, ila baba, mama, na karatasi moja.

Habari hii ni ya mkulima mmoja wa upande wa Molo. Jina lake halina haja ya kutajwa, kwa kuwa jambo lililompata limewapata wengi. Ana ekari tatu za viazi, ng'ombe wawili wa maziwa, na kipande kidogo cha ardhi ambacho zamani kilikuwa cha pareto. Mwaka wa 2014 mwanawe wa kwanza alikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya alfajiri huuma masikio. Hata hivyo kijana huyo alikwenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu kila siku, na kwa sababu ng'ombe walimchelewesha, safari ya asubuhi aliikimbia. Hivyo ndivyo alivyopata miguu yake. Hapana aliyemfundisha, ila ng'ombe na kengele ya shule.

Mwaka huo alikimbia mita 5,000 katika mashindano ya shule za Kaunti ya Nakuru. Watatu wa kwanza ndio waliotakiwa kwenda mbele, kushindana na shule za kaunti nyingine za Bonde la Ufa. Yeye akawa wa nne.

Kushindwa si haya. Lakini yule aliyekuwa wa tatu alijulikana na kila mkimbiaji. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi ile ile, ambaye alikuwa amekwisha kumaliza masomo mahali pengine, kisha akarudishwa kidato cha kwanza kwa ajili ya miguu yake. Kwenye mstari wa kuanzia wenzake walimwamkia "Shikamoo" kwa mzaha, naye akaitikia "Marahaba" huku akicheka. Mwalimu wa michezo wa shule ya kutwa alikwenda kulalamika kwa wasimamizi. Wakamwuliza ushahidi. Karatasi za mtu yule zilifunguliwa, zikaonekana safi kabisa: cheti cha kuzaliwa, barua ya mwalimu mkuu, picha, muhuri. Kwa karatasi zile alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Malalamiko yakaisha hapo, na kijana wa Molo akarudi nyumbani akiwa amesimama ndani ya matatu njia nzima, kwa sababu fedha ya kiti hakuwa nayo.

Katika Kenya watu wamekwisha kupata maneno ya mambo haya. Mchezaji asiye mwanafunzi wa kweli wa shule anayoichezea huitwa mamluki, kama askari wa kukodiwa anayepigania bendera isiyo yake. Aliyepita umri huitwa kijeba. Chama cha michezo cha shule za sekondari kina sheria juu ya wote wawili: mchezaji awe amesajiliwa shuleni, awe anahudhuria masomo, na umri wake usipite kiasi kilichowekwa. Timu ikigunduliwa imevunja sheria hiyo huondolewa mashindanoni, hata kama imekwisha kushinda, na wachezaji wenzake wasio na hatia huondoka pamoja nayo. Sheria basi ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima mmoja wa kusema hapana kabla sheria haijaitwa.

Majuma mawili baada ya mashindano, gari jeupe lilipanda njia ya matope mpaka kwa mkulima yule. Akashuka mtu nadhifu, mwenye maneno matamu, akamwamkia mzee kwa heshima, akasifu viazi vyake na ng'ombe wake. Alikuwa ametumwa na shule ile ile ya yule aliyekuwa wa tatu. Alisema yule mkimbiaji anaondoka mwisho wa mwaka, na nafasi yake inatafutiwa mtu. Shule ingelipa karo yote. Ingempa kijana kitanda, chakula, sare, na mwalimu wa riadha. Juu ya meza akaweka sanduku, na ndani yake mlikuwa na viatu vya misumari, vipya, vyekundu.

"Liko jambo dogo tu, mzee wangu," akasema. "Itabidi aanze tena kidato cha kwanza, na cheti chake tukipunguze miaka mitatu. Hivyo atakimbia na watoto kwa muda mrefu, na mawakala wa ng'ambo humpenda mkimbiaji mwenye umri mdogo. Mnamkumbuka Wanjiru wa Nyahururu? Alitoka hapa akiwa na miaka kumi na tano. Tazama alikofika. Na hii ni karatasi tu."

Mkulima hakujibu neno. Aliomba muda wa siku sita, mgeni akakubali, akaacha viatu mezani.

Msomaji asimcheke mtu yule kwa kuomba muda. Mwaka ule bei ya viazi ilikuwa imeanguka, na wanunuzi walitaka magunia yajazwe kupita kiasi, kilele juu ya kilele, kwa bei ya gunia moja. Karo ya shule ilikuwa na deni la mihula miwili. Mtu mwenye deni akisikia neno "karo yote" hawezi kulisikia kama mtu aliyeshiba. Zaidi ya hayo, alikuwa na uchungu. Mwanawe alikuwa ameonewa machoni pa watu, na hapana aliyemtetea. Aliona kana kwamba dunia yenyewe ilikuwa imempa ruhusa: ikiwa wengine hufanya hivyo na karatasi zao huonekana safi, kwa nini mtoto wake peke yake ndiye awe wa kweli?

Hapo ndipo penye mtego. Mtu mwema huingia katika uongo mara chache sana kwa kupenda uongo. Huingia akidhani anarudishiwa haki yake.

Siku ya pili mkulima alishuka Nakuru kumwona shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye alikuwa karani kwa miaka ishirini na miwili. Walikaa katika mkahawa wa chai karibu na kituo cha reli. Mkulima alieleza yote, hata rangi ya viatu. Karani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kalamu, akaandika juu ya kipande cha gazeti miaka miwili, mmoja juu ya mwingine: 1998, na chini yake 2001.

"Shemeji," akasema, "wewe waona tarakimu mbili. Mimi ni karani. Nakuambia ninachokiona mimi. Mtoto huyu alizaliwa Januari 1998. Mwaka wa 2016 atatimiza miaka kumi na minane, apate kitambulisho. Ukiandika 2001, atangoje mpaka 2019. Miaka mitatu atakuwa mtu mzima mwenye ndevu asiyeweza kufungua akaunti ya benki wala kuandikwa kazi ya serikali. Tena binti yako alizaliwa mwaka wa 2000. Kwa karatasi hiyo atakuwa dada mkubwa wa kaka yake. Siku moja mtagawa shamba, na wakili atauliza nani ni nani katika nyumba hii. Je, utatoa cheti kipi?"

Mkulima akasema ya kuwa mgeni alimhakikishia hapana atakayeuliza.

"Ataulizwa na cheti chake cha shule ya msingi, kinachosema kingine," karani akajibu. "Ataulizwa na kadi ya kliniki. Na yule karani mwenzangu atakayepokea fedha na kupiga muhuri, siku akishikwa atataja majina yote aliyoyasaidia, ajiokoe. Kutoa habari za uongo katika uandikishaji wa vizazi ni kosa la jinai, na atakayepelekwa mahakamani si yule mwenye gari jeupe. Ni wewe, maana ndiwe utakayetia sahihi."

Maneno ya karani yule yalikuwa ya kweli, na yamezidi kuwa ya kweli tangu wakati huo. Kuanzia mwaka wa 2017 Wizara ya Elimu ilianza kuwaandikisha wanafunzi katika mtambo mmoja wa nchi nzima, kila mmoja na nambari yake iliyofungamanishwa na cheti cha kuzaliwa. Ng'ambo nako macho yamefunguka. Mwaka wa 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17 lililochezwa Nigeria, shirika la kandanda la dunia lilianza kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono. Mwisho wa mfupa wa mkono wa kijana una gegedu laini ambalo bado linakua. Kadiri miaka inavyozidi, sehemu hiyo huwa ngumu na kuungana. Daktari akiuona mfupa umekwisha kuungana kabisa, hujua ya kuwa yamkini kabisa mwenye mkono huo amepita miaka 17, hata cheti chake kiseme nini. Muhuri wa ofisini hauwezi kuutengua mfupa.

Wala isidhaniwe kwamba hila hii ni ya Waafrika peke yao. Mwaka wa 2001, katika mashindano makubwa ya besiboli ya watoto huko Marekani, kijana mmoja wa timu ya Bronx, mjini New York, aliushangaza ulimwengu kwa ustadi wake wa kurusha mpira. Mchezo ule ulikuwa wa watoto wasiozidi miaka 12. Baadaye ikathibitishwa katika nchi alikozaliwa, Jamhuri ya Dominika, kwamba alikuwa na miaka 14, na kwamba cheti kingine kilitengenezwa kwa hila ya wazee, baba yake akiwa mmojawapo. Ushindi wote wa timu ukafutwa. Watu wengi walimhurumia mtoto, lakini jina lililobaki katika kumbukumbu ni lake yeye. Huo ndio urithi alioachiwa na watu wazima waliompenda.

Yule mgeni wa Molo alimtaja Samuel Wanjiru. Ni vyema habari yake isimuliwe yote, kwa maana mgeni alisimulia nusu tu. Wanjiru alizaliwa mwaka wa 1986 upande wa Nyahururu. Mwaka wa 2002 alikwenda Japani kuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. Huko mbio zinazopendwa kuliko zote mashuleni huitwa ekiden. Wavulana saba hugawana umbali wa marathoni, kilomita 42.195, na kila mmoja huvaa ukanda begani, akimaliza sehemu yake humvika mwenziwe. Atakayechoka kwa uvivu hajiangushi peke yake. Huangusha ukanda wa shule nzima. Mwenyewe alisema baadaye ya kwamba Japani ilimfundisha jambo moja kubwa, ambalo wao huliita gaman, yaani kuvumilia. Mwaka wa 2008 alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, akiwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu katika mbio hizo. Alikuwa na miaka 21.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba tarehe 15 Mei 2011 alifariki kwa kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu, akiwa na miaka 24, baada ya misukosuko ya nyumbani ambayo magazeti yote yaliiandika. Hapana mtu mwenye moyo anayeweza kumhukumu kijana yule. Lakini kila mzazi wa Bonde la Ufa anaweza kujifunza ya kuwa kasi ya miguu hailindi nyumba. Mtu hukimbia saa mbili, kisha huishi saa ishirini na mbili zilizobaki. Kazi ya shule ni kumtayarisha kwa hizo ishirini na mbili, na shule inayomtaka kwa hizo mbili tu haimtaki yeye, yataka miguu yake.

Mkulima aliporudi Molo alimkuta mkewe akichambua mboga. Akamweleza. Mama yule hakuzungumza habari za sheria wala za kitambulisho. Alisema hivi: "Mtoto huyu nilimzaa wakati wa mvua za El Niño. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, nikavushwa mto mgongoni kwa watu, naye tumboni. Atakayesema mwanangu alizaliwa miaka mitatu baadaye, kwanza aje aniambie yule niliyevushwa naye alikuwa nani."

Alibaki kijana mwenyewe. Hapana haja ya kuficha: alitaka kwenda. Usiku alivijaribu vile viatu ndani ya nyumba, misumari ikatoboa sakafu ya udongo. Alikuwa na miaka 16, na moyo wa miaka 16 hupenda rangi nyekundu. Baba yake hakumkaripia. Alimweleza maneno ya karani, na maneno ya mama, kisha akamwambia, "Miguu ni yako na jina ni lako. Fikiri siku mbili. Mimi nitasema baada yako."

Siku ya sita, alfajiri, walikuwa wakikamua ng'ombe. Kijana akasema, bila kuinua kichwa, "Baba, nikienda, nani atakuwa wa nne?"

Baba hakuelewa. Kijana akaeleza. Mwaka ule yeye alikuwa wa nne kwa sababu mtu mzima alikimbia kati ya watoto. Mwaka ujao, na mwaka unaofuata, kama angekwenda na cheti kile, pangekuwa na mtoto mwingine wa nne. Yaweza kuwa mtoto wa Elburgon, au Njoro, au Subukia. Mtoto anayekamua ng'ombe kabla ya kwenda shule. Naye angerudi nyumbani akiwa amesimama ndani ya matatu, akimwuliza mwalimu wake kwa nini karatasi za mkimbiaji yule zilikuwa safi. "Na mimi ndiye nitakayeitikia Marahaba," akasema.

Mzee yule husema mpaka leo ya kwamba hajapata kusikia hotuba ya kanisani wala ya barazani iliyompita moyo kama swali lile lililosemwa nyuma ya ng'ombe.

Viatu vilirudishwa siku ile ile. Kijana aliwapelekea mwenyewe, akiwa amevisugua misumari mpaka ikang'aa. Mtu wa gari jeupe alicheka, akasema wapo wengine kumi wanaongoja. Yamkini alisema kweli.

Katika swali la kijana yule mna kanuni zote za mwanafunzi mchezaji, hata zile ambazo huandikwa na kubandikwa ukutani. Kwa nini asimtukane mwamuzi? Kwa sababu bila mwamuzi hapana kinachomlinda mnyonge na mwenye mabavu. Kwa nini ampe mkono aliyemshinda, na aliyemshinda ampe yeye? Kwa sababu bila mwenzake asingekuwa mshindani, angekuwa mtu akimbiaye peke yake njiani. Kwa nini asiache masomo kwa kisingizio cha mazoezi? Kwa sababu ameandikwa pale kuwa mwanafunzi, na nafasi yake darasani ingeweza kupewa mwingine. Peter Rono aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988 alikuwa amesoma St. Patrick's ya Iten, kisha akawa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Vitabu havikumpunguzia mbio. Kila kanuni njema ya michezo huuliza swali moja: nikifanya hivi, nani atakuwa wa nne?

Tena uongo una watoto. Kijana aliyezoea kubadilishiwa umri na wazee wake hatashangaa siku wakimletea sindano na kumwambia ni dawa ya nguvu tu, kama walivyomwambia ni karatasi tu. Jina la Kenya lilichafuka sana kwa dawa hizo, hata mwaka wa 2016 Bunge likapitisha sheria ya kupambana nazo na kuunda shirika la kuzisimamia, ADAK. Na kanuni ya dunia katika jambo hilo ni kali: mwanariadha mwenyewe huwajibika kwa kila kinachopatikana ndani ya mwili wake. Daktari, kocha na wakala hutoweka. Yeye hubaki na jina. Aliyejifunza kusema hapana kwa karatasi, amekwisha kujifunza kusema hapana kwa sindano.

Msomaji atapenda kujua mwisho wa kijana wa Molo. Habari yake si ya kupigiwa tarumbeta. Mwalimu mkuu wa shule ya kutwa, aliposikia, alikubali kupokea viazi vya jikoni badala ya karo, gunia kwa gunia lililopimwa kwa mizani, na deni likaisha polepole. Mwaka wa 2015 kijana akawa wa pili katika kaunti, akaenda mbele, na huko akakutana na wakimbiaji wa kweli wa kutoka Nandi na Elgeyo, wakamshinda vibaya. Alikuwa wa kumi na moja. Alirudi akicheka, akasema wale wamemshinda kwa haki, wala hapakuwa na mtu wa kuamkiwa Shikamoo.

Mwaka wa 2016 alifanya mtihani wa kidato cha nne. Ni mwaka ule ambao wizi wa mitihani ulipigwa vita vikali, hata katika nchi nzima waliopata A wakawa 141 tu. Yeye alipata C+. Katika nyumba ile alama hiyo ilipokewa kwa kuku, kwa kuwa kila herufi yake ilikuwa ya nyumbani.

Kijana yule hakuwa bingwa. Mwaka wa 2017 Nairobi ilipokea vijana wa dunia wasiozidi miaka 18, na mwaka wa 2021 wale wasiozidi miaka 20, katika uwanja wa Kasarani. Yeye aliwatazama kwenye televisheni kama watu wengine. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, si mbali na Njoro, na huongoza michezo. Kila mwaka kabla ya mashindano hufanya jambo ambalo wakubwa wake walilicheka hapo kwanza. Huwaita wazazi, akasimama mbele yao na orodha ya timu, akasoma kwa sauti jina la kila mtoto na tarehe aliyozaliwa. Kisha hunyamaza kidogo. Akina mama waliomo hutazamana, maana mama hasahau alimzaa lini mwanawe, wala hasahau jirani yake alijifungua lini. Mwenye cheti cha uongo hawezi kusimama katika kimya kile.

Mara nyingine shule nyingine hushinda timu yake kwa wachezaji ambao mtu yeyote mwenye macho hujua ni watu wazima. Watoto hulia. Naye huwaacha walie kidogo, kisha huwagawia maji, huwahesabu kabla ya kupanda basi, na humtafuta yule aliyekuwa wa nne, akakaa karibu naye njia nzima mpaka nyumbani.